Maswali yenu ya gitaa: vidole vinauma, kodi zinachelewa

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa wanaoanza, nami nimechagua sita. Kwa asiyenijua, mimi ni mama wa miaka 61, mkazi wa Ngamiani, Tanga. Mchana natengeneza magitaa ya watu, jioni nafundisha barazani kwangu. Nilianza mwaka 1977 nikiwa na miaka 13, kwa gitaa la dumu la mafuta alilolitengeneza kaka yangu, nyuzi zake ni waya za breki za baiskeli zilizochambuliwa moja moja. Kaka alikuwa mpiga ridhimu katika bendi, na mengi ninayowajibu humu niliyapata kwake.

Mwalimu shikamoo. Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Mbeya. Nimenunua gitaa la mtumba, huu mwezi wa pili. Nikibonyeza nyuzi vidole vinauma mpaka kesho yake napata shida kushika klachi, na sauti yenyewe inatoka kama nagonga bati. Jamaa zangu wananiambia nivumilie, vitaota sugu. Je, nivumilie au ndiyo sina kipaji?

Marahaba, mwanangu. Sugu zitaota, hapo jamaa zako wamesema kweli. Anayepiga kila siku huanza kuziona baada ya wiki tatu au nne. Lakini maumivu ya kumshinda mtu kushika klachi hayatokani na ugeni wa vidole peke yake. Kabla hujajilaumu, lichunguze gitaa. Magitaa mengi ya mtumba yanayoletwa kwangu yana nyuzi zilizokaa juu mno ya shingo, na mwenye nalo amekwisha kujiona hafai.

Fanya hivi. Freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo, huhesabiwa kuanzia kichwani. Tafuta freti ya 12, ile ambayo mara nyingi huwa na nukta mbili ubavuni mwa shingo. Chukua kadi za benki, azima na za jirani. Kila moja ina unene wa karibu milimita 0.8. Zibananishe pamoja, uzipitishe kati ya chuma cha freti hiyo na uzi mnene kuliko yote. Kadi tatu zikiingia zikaugusa uzi kidogo, gitaa ni zima. Zikiingia tano na bado zinacheza, ugonjwa umeuona. Kisha bonyeza uzi huohuo kwenye freti ya 3, uchungulie pale freti ya 1: nafasi iliyobaki iwe nyembamba kama karatasi. Ukiona mwanga mpana, basi kile kijiti cheupe cha juu ya shingo, chenye vijifereji vya kupitisha nyuzi, hakikuchongwa vya kutosha, na ndicho kinachokutesa unapojaribu kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, za mwanzo mwanzo wa shingo.

Ikiwa nyuzi ziko juu kule katikati tu, dawa ipo kwenye ule mfupa mweupe uliosimama upande wa chini, nyuzi zinapopita kabla ya kufungwa. Ulegeze nyuzi, uuchomoe, uusugue tumbo lake la chini juu ya msasa uliotandazwa mahali palipo sawa kabisa, kioo kwa mfano. Freti ya 12 ipo nusu ya urefu wa uzi, kwa hiyo ukitaka pale pashuke milimita 1, mfupa utaupunguza milimita 2. Usizipunguze kwa mara moja. Sugua, rudisha, funga nyuzi, pima. Mfupa uliokatwa hauongezeki. Kama shingo yenyewe imepinda kama upinde, usiiguse, mpelekee fundi. Magitaa mengi ya nyuzi za chuma yana fimbo ya chuma ndani ya shingo, nayo hukazwa robo mzunguko kwa wakati mmoja. Anayeikaza kwa nguvu huivunja.

Kingine: angalia gitaa lako liliumbwa kwa nyuzi gani. Lenye shingo pana na kichwa chenye matundu mawili marefu, mara nyingi ni la nyuzi za nailoni. Nyuzi za chuma huvuta kwa nguvu karibu mara mbili ya hizo. Niliwahi kupeleka la nailoni dukani kubadilishiwa nyuzi, kijana wa pale akalitia za chuma, nami sikuangalia. Usiku wa manane nikasikia kishindo chumbani nikadhani mwizi. Kile kibao cha kufungia nyuzi kilikuwa kimebanduka na vipande vya mbao ya juu. Lilikuwa gitaa la kaka, na kovu lake lipo hadi leo.

Ukishalitengeneza, jifunze kubonyeza kidogo. Weka ncha ya kidole nyuma tu ya chuma cha freti, karibu kukigusa lakini usikikalie. Gusa uzi bila kuubonyeza, uupige: utasikia “tup”. Ongeza nguvu kidogo kidogo huku unapiga, mpaka sauti itoke safi. Simama hapo hapo. Nguvu hiyo ndiyo inayotakiwa, na utashangaa ulivyokuwa unajichosha. Kucha za mkono wa kushoto uzikate fupi. Dakika 15 jioni ukisharudi kazini zinakutosha kwa sasa. Asubuhi kabla ya kuingia barabarani usipige, mkono huo una watu wa kuwabeba.

Gitaa langu halishiki tyuni. Naliweka sawa kwa programu ya simu, baada ya nusu saa limeharibika. Nimeuziwa bovu? (Msomaji, Kigamboni)

Kama nyuzi ni mpya, si bovu. Uzi mpya hunyumbuka siku mbili tatu za kwanza. Uvute taratibu kwa vidole kutoka kwenye shingo kama unayetaka kuunyanyua, tyuni tena, vuta tena, mpaka uache kushuka. Hakikisha pia umeuzungusha mara mbili au tatu kwenye kifunguo chake, maana uliozungushwa nusu huteleza. Na ukityuni, njoo daima kutoka chini kwenda juu: ukipitiliza, legeza mpaka uvuke chini, ndipo upande.

Simu itakusaidia, lakini jifunze na sikio. Kuanzia uzi mnene kwenda mwembamba, sauti ni E, A, D, G, B, E. Namba za nyuzi huhesabiwa kinyume, mwembamba ni wa kwanza na mnene ni wa sita. Bonyeza uzi wa sita freti ya 5, utapata sauti ya uzi wa tano ukiwa wazi. Wa tano freti ya 5 unakupa wa nne, wa nne freti ya 5 unakupa wa tatu. Wa tatu ndio wenye kituko, huo ni freti ya 4, unakupa wa pili. Wa pili freti ya 5 unakupa wa kwanza. Nyuzi mbili zikikaribiana utasikia sauti inayumba, wau-wau-wau. Zikizidi kukaribiana mtikisiko unapungua kasi, zikikutana unatulia kabisa. Wewe sikiliza huo mtikisiko.

Na usiliache juani wala kwenye gari lililofungwa, jua huilainisha gundi. Kwa sisi wa pwani, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, hewa ya chumvi inazila upesi.

Mwalimu, shikamoo. Nina miaka 19, nipo kwaya ya vijana hapa Iringa. Nimejifunza kwa video za simu mwaka mzima. Najua kodi kama ishirini na nimeanza solo. Lakini kwaya ikianza kuimba nikaingia na gitaa, napotea. Wanafika kiitikio mimi bado natafuta vidole. Mwalimu wa kwaya ameniambia nikae pembeni kwanza. Nimeumia sana. Nifanye nini?

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Najua pembeni unakokaa, nimekaa huko.

Kosa lako ndilo kosa la wanaoanza walio wengi siku hizi, na si uzembe. Video zimekufundisha mkono wa kushoto. Zinakuonyesha kidole hiki kiende wapi, na unaweza kuisimamisha picha mpaka ukiweke. Kwaya haisimami. Aliyekuacha nyuma ni mkono wako wa kulia, ambao hujawahi kuufundisha peke yake.

Katika bendi za dansi magitaa yamegawana kazi: solo, second solo, ridhimu na besi. Ukisikiliza nyimbo za zamani za Msondo, ile bendi iliyoanza na jina la NUTA Jazz mwaka 1964, au za Mlimani Park iliyoanza 1978, sikio litakimbilia solo kwa sababu ndilo linaloimba. Sikiliza tena, sasa utafute gitaa linalorudia kitu kimoja kifupi chini ya sauti za waimbaji, mwanzo mpaka mwisho. Hilo ni ridhimu. Solo akikosea noti moja mambo yanaendelea. Ridhimu akiyumba, wachezaji wanasimama wanatazamana.

Kaka yangu alipiga hilo gitaa miaka kumi na moja, na wasikilizaji hawakumjua jina. Siku aliponianza hakuniruhusu kushika shingo. Alifunika nyuzi zote kwa kiganja chake cha kushoto, akaniambia, “Wewe piga tu.” Zikawa zinatoa “chaka, chaka” isiyo na noti. Mama anatwanga kisamvu uani, nami natakiwa nifuate mchi. Mama akipumzika napumzika, akiongeza naongeza. Nilifanya hivyo wiki mbili nikilia, nataka kodi. Leo kila anayekuja barazani namwanzisha hivyohivyo, hata akiwa na kodi zake ishirini.

Kwa hiyo fanya haya. Wiki ya kwanza, laza vidole vya kushoto juu ya nyuzi bila kubonyeza, uzizime. Weka metronomu ya simu, ile programu inayogonga mapigo sawasawa, mapigo 60 kwa dakika. Hesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Mguu ukanyage kila pigo. Mkono wa kulia ushuke kwenye kila hesabu na upande katikati yake, hata pale ambapo hutaki kupiga: unapita hewani bila kugusa nyuzi. Mkono ni kama bembea, hausimami. Kinachobadilika ni wapi unagusa na wapi unapita. Ukishazoea, gusa chini kwenye moja na mbili, pita tatu hewani, ugonge juu baada yake, kisha chini kwenye nne. Ukiweza kufanya hivyo huku unaongea na mtu, umeivisha.

Wiki ya pili, chukua kodi tatu tu: C, F na G. Hizo kumi na saba nyingine ziweke kando. Nyimbo nyingi mno za kwaya zinasimama juu ya tatu hizi, au ndugu zao watatu kwenye ufunguo mwingine, na hapo kapo, kile kibanio cha kubana nyuzi zote shingoni, itakusaidia. Najua F ndiyo inayowatoa watu machozi kwa sababu mnataka kulaza kidole cha shahada kwenye nyuzi zote sita. Acha hiyo kwanza. Ipo F ndogo ya nyuzi nne, nayo ni jirani wa mlango kwa mlango na C. Shika C: kidole cha pete kipo uzi wa tano freti ya 3, cha kati uzi wa nne freti ya 2, shahada uzi wa pili freti ya 1. Sasa kiteremshe cha pete kiende uzi wa nne, freti ileile ya 3. Cha kati kiteremke uzi wa tatu, freti ileile ya 2. Shahada haitoki mahali pake, inajilaza tu, ifunike uzi wa pili na wa kwanza pamoja. Umefika F. Vidole viwili vimehama nyumba moja, cha tatu kimelala. Uzi wa tano na wa sita usiuguse.

Nenda na kurudi, C na F, mapigo manne kila moja. Na hapa ndipo pana siri ya kutopotea: ondoka mapema. Kwenye pigo la nne, nusu yake ya mwisho, mkono wa kushoto uwe umekwisha kunyanyuka. Mkono wa kulia utapiga nyuzi wazi kwa kitambo kidogo sana, na hakuna atakayesikia vibaya. Wewe unafanya kinyume, unang'ang'ania kodi mpaka mwisho wa pigo, ndipo unaanza kuhama wakati pigo la kwanza limekwisha kufika. Kodi ikija na kidole kimoja hakijakaa, piga hivyohivyo na kitakaa njiani. Kusimama ili ukiweke sawa ndiko kunakokuacha kituoni.

Solo sikukatazi, nataka uifike ukiwa na mahali pa kusimama. Kwa mwezi mmoja iache.

Ukiwa pembeni usikae bure. Mazoezi ya kwaya yakianza, zima nyuzi kwa kushoto na kulia kwako kupige chini chini, wasikusikie. Fuata ngoma au makofi. Sikiliza wanapovuta pumzi kabla ya kiitikio, maana waimbaji huvuta pumzi pamoja, na hiyo ndiyo ishara yako ya kuhama kodi. Baada ya wiki tatu, mwombe mwalimu wako kwa adabu wimbo mmoja tu, ule wa polepole kuliko yote. Ningependa kusikia ilivyokuwa.

Asalaam aleikum. Mwanangu ana miaka tisa, anatumia mkono wa kushoto. Bibi yake anamlazimisha alishike gitaa kama watu wengine. Tufuate lipi? (Mama, Unguja)

Waaleikum salaam, mdogo wangu. Bibi ana haki ya kufundisha mkono wa kulia kwenye kula na kupeana vitu. Kwenye gitaa mikono yote miwili inafanya kazi ngumu, kwa hiyo hakuna adabu iliyovunjwa. Mpe mtoto ufagio bila kumweleza kitu, umwambie ajifanye anapiga gitaa. Mfanyie mara tatu, siku tofauti. Mkono unaokwenda kucharaza wenyewe ndio umwachie acharaze.

Ukiwa wa kulia, shukuruni, maana magitaa ya kulia ni mengi na wapo wengi wa kushoto wanaoyapiga vizuri. Ukiwa wa kushoto, geuzeni mpangilio wa nyuzi, kama alivyofanya Jimi Hendrix wa Marekani. Ila fundi abadilishe na kile kijiti cha juu ya shingo, kwa sababu uzi mnene hauingii kwenye kijifereji cha mwembamba. Yuko pia Mmarekani mwingine, mama Elizabeth Cotten, aliyeligeuza gitaa la kulia bila kubadilisha uzi hata mmoja. Besi ikawa kwa vidole na wimbo ukawa kwa dole gumba. Huyo nawasimulia wanafunzi wangu kila mwaka. Simshauri mtoto aanze hivyo, kwa sababu hatapata wa kumfundisha.

Habari mwalimu. Niko Kakamega. Babu yangu ana miaka 84 na bado anapiga gitaa kwa vidole viwili tu, dole gumba na kidole cha pili. Kwa shingo anafunga penseli na raba. Zamani rafiki yake alikuwa akigonga chupa ya Fanta pembeni. Nataka kujifunza hiyo style lakini kwa simu sioni mtu akiifundisha. Nianzie wapi?

Nzuri, mjukuu wangu. Simu iweke mfukoni, mwalimu unaye nyumbani.

Anachopiga babu yako kina historia kubwa. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi kijana mmoja huko Jadotville, Katanga, nchini Kongo, mji unaoitwa Likasi leo. Kijana huyo ni Mwenda Jean-Bosco. Alikuwa akipiga kwa dole gumba na shahada, na msikilizaji anadhani magitaa ni mawili. Sahani zake zilifika mbali, naye mwenyewe alifika Nairobi. Kwenu magharibi ya Kenya mtindo wa vidole ulikuwa na mabingwa wake, akiwemo George Mukabi aliyefariki mwaka 1963, ambaye mtindo wake wa gitaa waliuita omutibo. Na chupa ya Fanta haikuwa mchezo. Ile ya zamani ina mikunjo ubavuni, ukiikwaruza kwa kitu cha chuma inakupa ridhimu yote unayoihitaji.

Anza na dole gumba peke yake. Shika C. Dole gumba lipige uzi wa tano, kisha wa nne, wa tano, wa nne, bila kukoma, sawasawa kama mtu anayetembea kwenda sokoni. Usiongeze kitu mpaka uweze kusema na kucheka bila gumba kuyumba. Huenda ikakuchukua siku nne, huenda wiki mbili. Ndipo shahada iguse uzi wa kwanza mara moja tu, pamoja na gumba. Halafu uzi wa pili, katikati ya hatua mbili za gumba. Hapo gumba litataka kuifuata shahada, usilikubalie. Likifuata, rudi mwanzo.

Ile penseli ya babu ni kapo kamili. Ifunge nyuma ya chuma cha freti, karibu nacho. Penseli yenye pembe sita hushika vizuri kuliko ya mviringo, na raba iliyokatwa kwenye tyubu ya baiskeli haikatiki upesi.

Ukienda kwake usikae mkabala naye, mikono itaonekana kinyumenyume. Kaa ubavuni, bega kwa bega, mkitazama upande mmoja. Mwombe apige pole pole, na akikwambia hawezi pole pole, mwambie apige gumba tu. Wazee wengi hawajui wanachofanya kidole kimoja kimoja, mkono unajua wenyewe. Mrekodi. Muulize alijifunza kwa nani, na kodi zake anaziitaje, kwa maana wengine wana majina yao ambayo hayamo kitabuni. Nenda wiki hii, mjukuu wangu. Kaka yangu aliondoka na mitindo miwili ya ridhimu niliyokuwa nikisema nitamuuliza Krismasi ikifika.

Dada, mimi ni muuguzi Dodoma, nina miaka 46 na watoto watatu. Napokea zamu za usiku. Nimetamani gitaa tangu shuleni, na mwaka huu nimelinunua. Mume wangu ananiunga mkono, lakini mimi mwenyewe najiona nimechelewa, na vidole vyangu ni vifupi. Niambie ukweli.

Ukweli ndio huu, mdogo wangu. Nilipoolewa niliacha gitaa. Sikukatazwa na mtu, ila kulikuwa na watoto, kuni, shamba, na jioni mwili umekwisha. Nililishika tena nikiwa na miaka 39, mwaka aliofariki kaka, shemeji aliponiletea gitaa lake likiwa limefungwa kwa kanga. Sugu zote zilikuwa zimekwisha. Niliijua C kichwani, na vidole havikuikumbuka kabisa. Nikaanza upya kama mtoto, na kwa kweli niliona haya.

Mtu mzima hapungukiwi na uwezo wa kujifunza kodi tatu na mitindo miwili ya mkono wa kulia. Anachopungukiwa ni muda, nao unaupanga mwenyewe kwa kuwa unaijua zamu yako. Usilifungie gitaa kabatini. Litundike ukutani, au lisimamishe pembeni mwa kiti unachokalia kuvua viatu ukirudi kazini, mahali jua halifiki na watoto hawapiti mbio. Dakika kumi, kabla hujaenda jikoni. Kwa kuwa mikono yako huoshwa mara nyingi kazini, jua kwamba ngozi iliyolowa huumia upesi kwenye nyuzi, kwa hiyo ikauke kwanza. Kama gitaa lako ni la nyuzi za nailoni, umechagua vema, hazikati vidole.

Vidole vifupi si kikwazo kwa anayeanza. Vyangu havifiki sentimita saba. Lishushe dole gumba la kushoto lisichungulie juu ya shingo, likae nyuma katikati, usawa wa kidole cha kati. Kiwiko kisigandamane na mbavu. Utaona vidole vimerefuka. Na gitaa lisilale mapajani kama mtoto anayenyonya, ingawa tunatamani kuzitazama nyuzi. Lisimame wima, utazame mbele, vidole vitajifunza njia.

Mimi wiki ya tatu ndipo C na F zilipoanza kufuatana bila kusimama. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni, nipo barazani, sijawasha taa. Mtoto wa jirani alikuwa ametumwa chumvi, akasimama mlangoni na sarafu yake mkononi, akaanza kukanyaga mguu kwa kufuata. Nikaendelea na kodi hizo mbili mpaka mama yake alipomwita.